Kutoka Duka la Makochi hadi Mtihani wa Leseni: Namna Usanifu wa Ndani Ulivyokuwa Taaluma

Watu wamepanga na kupamba vyumba vyao tangu walipoanza kujenga, lakini kazi ya kulipwa ili kuamua jinsi chumba cha mtu mwingine kitakavyokuwa, bila ya anayelipwa kuwa mwashi, seremala, mshona mapazia wala muuza samani, ina umri wa miaka mia moja na ushei tu. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa sababu majumba ya kifalme ya Ulaya na nyumba za mawe za pwani yetu yanaonekana kana kwamba kila ukuta ulipitiwa na mtaalamu aliyekabidhiwa kazi hiyo peke yake. Vitabu vingi vya picha vinaisimulia historia hii kwa kufuata mitindo, mmoja baada ya mwingine, na msomaji anabaki bila kujua taaluma yenyewe ilitoka wapi. Naona njia ya kuaminika zaidi ni kufuatilia nani alikuwa na haki ya kuamua mambo ya ndani ya jengo, alilipwa kwa kitu gani hasa, na madhara yakitokea nani aliwajibika. Majibu ya maswali hayo yamebadilika mara kadhaa, na kila yalipobadilika taaluma ilipiga hatua.

Tuanze na mahali ambapo ufundi ulikuwa wa hali ya juu ilhali taaluma haikuwapo. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, mtu alitoka njiani akaingia daka, yaani kibaraza cha mlangoni, akapita kiwanda, yaani ua wa wazi, akafika ukumbi wa kwanza uitwao msana wa tini, kisha wa pili uitwao msana wa juu, na mwisho chumba kilichoitwa ndani, na kwa kila hatua faragha ilizidi. Ukuta wa huko ndani ulijaa zidaka, yaani safu za vishubaka vya plasta ya chokaa vilivyochongwa nakshi, ambamo vyombo vya kaure na vitu vya thamani viliwekwa. Mpangilio huo una mantiki kamili ya mwanga, stara na hadhi ya ukoo. Hata hivyo hatumkuti mtu aliyelipwa kwa kuubuni tu: fundi aliujua kwa kurithi kazi, mwenye nyumba aliujua kwa kurithi mila, na palipokuwa na la kuamua waliliamua wao wawili. Pale ambapo mila imekwisha kuamua, mshauri hana la kuuza. Haja ya mshauri hutokea bidhaa zinapozidi, mila zinapolegea, na mwenye nyumba anapoanza kuogopa kukosea mbele ya wageni wake.

Hali hiyo ya wasiwasi na wingi wa vitu ilijitokeza mapema Paris na London. Ufaransa ya karne ya 17 ilimjua Charles Le Brun, mchoraji wa Mfalme Louis wa 14, ambaye tangu mwaka 1663 aliongoza karakana za Gobelins na kuwapangia kazi wafumaji, maseremala na wachongaji waliopamba kasri la Versailles. Lakini Le Brun alikuwa mtumishi wa dola, na raia wa kawaida hakuweza kumkodi. Aliyepatikana mjini alikuwa mfanyabiashara wa vitu vya anasa. Sheria za vyama vya mafundi ziliwabana maseremala, watengeneza makochi na wafua shaba, kila mmoja asivuke mpaka wa kazi yake, na mfanyabiashara huyo, ambaye hakuruhusiwa kutengeneza, ndiye pekee aliyeweza kuvikusanya vipande vya mafundi mbalimbali na kuviuza kama kitu kimoja kinachopatana. Ensaiklopidia ya Diderot iliwaelezea wafanyabiashara hao kuwa ni wauzaji wa kila kitu wasiotengeneza chochote. Maneno hayo yalikuwa ya dharau, lakini ndani yake umo mwanzo wa kazi tunayoizungumzia, kwa sababu walichokiuza hasa ni uamuzi wa nini kikae na nini.

London ilikuwa na mtu wa aina hiyo katika sura ya fundi makochi, ambaye biashara yake ilikuwa pana kuliko jina lake. Alitandika vitanda, alifunika viti, alitundika mapazia, alibandika karatasi za ukutani, na kwa kuwa alikuwa na akiba ya vitambaa vyeusi alisimamia pia mazishi ya watu wenye uwezo. Thomas Chippendale, seremala aliyetoa kitabu chake cha michoro ya samani mwaka 1754, aliendesha shughuli kama hiyo katika mtaa wa St Martin's Lane, na nyumba kama Nostell Priory na Harewood House kaskazini mwa Uingereza zilipokea kutoka kwake karibu kila kitu cha ndani. Ni muhimu kuona jinsi alivyolipwa. Wazo la chumba lilimezwa na bei ya vitu. Mteja aliyetaka ushauri wa Chippendale aliupata kwa kununua viti vya Chippendale, na asiyenunua hakuwa na njia ya kuulipia ushauri wenyewe.

Upande wa pili alisimama msanifu majengo. Robert Adam, katika nyumba za Osterley, Kedleston na Syon, alichora mpaka zulia lifanane na nakshi za dari iliyo juu yake, na hakukiri kwamba kazi yake inaishia ukutani. Kwa hiyo kufikia mwaka 1800 eneo la ndani lilikuwa na wadai wawili, mfanyabiashara na msanifu majengo. Taaluma mpya ingezaliwa katikati yao, na ugomvi wake na pande zote mbili haujaisha mpaka leo.

Kilichoufungua mlango ni viwanda. Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851, yaliyotembelewa na watu zaidi ya milioni sita, yaliweka hadharani kiasi cha bidhaa za nyumbani ambacho hakikuwahi kuonekana: mazulia yaliyofumwa kwa mashine, karatasi za ukutani zilizochapwa kwa mvuke, samani zenye nakshi zilizotolewa kwa mamia. Familia za makarani, madaktari na wafanyabiashara sasa ziliweza kununua vile vilivyokuwa vya mabwana, lakini hazikurithi ujuzi wa kuvichagua. Vitabu vya ushauri vikaenea. William Morris na wenzake wakaanzisha kampuni mwaka 1861 kupinga ubovu wa bidhaa za mashine kwa kazi ya mkono. Mambo hayo yanajulikana na yamesimuliwa mara nyingi. Yasiyosimuliwa vya kutosha ni kwamba waliouona mwanya huu kuwa kazi ya kujitegemea, yenye ofisi, mafunzo na ankara, wengi wao walikuwa wanawake.

Wanawake waliodai kulipwa

Katika Uingereza ya miaka ya 1870 mwanamke wa tabaka la kati aliyetaka kipato chake mwenyewe alikuwa na njia chache mno za heshima. Agnes Garrett na binamu yake Rhoda waliamua kujifunza kazi ya nyumba kama wanaume walivyojifunza usanifu, yaani kwa uanagenzi katika ofisi, na baada ya kupata shida ya kupokewa walikubaliwa na msanifu majengo J. M. Brydon wa London. Uamuzi huo haukutoka hewani: Agnes alikuwa dada wa Elizabeth Garrett Anderson, aliyevunja mlango wa udaktari kwa wanawake wa Uingereza, na wa Millicent Fawcett, aliyeongoza madai ya kura kwa wanawake. Kufungua ofisi ya upambaji kulikuwa sehemu ya vuguvugu lile lile. Mabinamu hao waliishi na kufanya kazi katika nyumba namba 2 ya mtaa wa Gower Street, na mwaka 1876 walichapisha kitabu cha ushauri kwa wenye nyumba za wastani. Rhoda alifariki mwaka 1882 akiwa na miaka 41, Agnes akaendelea peke yake, na baadhi ya samani zao zinaonekana hadi leo katika nyumba ya Standen huko Sussex.

Marekani, mwaka huo huo wa 1876, Candace Wheeler alitembelea maonyesho ya miaka mia moja ya uhuru mjini Philadelphia na kuona kazi za taraza kutoka shule ya Kiingereza iliyowafundisha wanawake waliofilisika. Mwaka uliofuata alianzisha chama mjini New York cha kuwasaidia wanawake wauze kazi zao za mikono, kisha akashirikiana na Louis Comfort Tiffany katika kampuni iliyopamba nyumba za watu mashuhuri, na kuanzia mwaka 1883 aliongoza kampuni yake ya wanawake watupu. Mwaka 1895 aliandika makala ambayo kichwa chake kilitaja waziwazi upambaji wa ndani kuwa taaluma kwa wanawake. Mimi ningeitaja tarehe hiyo kwanza kabla ya nyingine zote, kwa sababu hapo ndipo kazi hii ilipodaiwa hadharani kuwa na hadhi ya taaluma, na aliyeidai alikuwa mtu aliyekwisha kuifanya kwa karibu miaka ishirini.

Mtu anayetajwa zaidi, hata hivyo, ni Elsie de Wolfe. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani aliyesifiwa kwa mavazi yake kuliko uigizaji wake, na alianza kwa kuisafisha nyumba aliyokaa na rafiki yake Elisabeth Marbury huko Irving Place, New York: aliondoa mapazia mazito, vinyago na mimea ya vyungu iliyojazana, akapaka mbao rangi nyeupe. Mwaka 1905 wanawake matajiri wa jiji hilo waliokuwa wakijenga klabu yao, Colony Club, katika barabara ya Madison, walimkabidhi kazi ya ndani, na msanifu wa jengo, Stanford White, aliunga mkono uteuzi wake. Klabu ilipofunguliwa mwaka 1907 wageni walikuta kuta za rangi nyepesi, viti vya henzirani, vitambaa vya pamba vyenye maua ambavyo hadi hapo vilihesabiwa kuwa vya nyumba za shamba, na chumba kilichozungushiwa fito za mbao za kijani kana kwamba ni bustani. Kwa wakati ule, ambapo chumba cha heshima kilikuwa cha giza na mahameli, hatua hiyo ilihitaji ujasiri.

Umuhimu wa Colony Club hauko katika fito za kijani. Uko katika ukweli kwamba taasisi ilimwajiri mtu asiye msanifu majengo na asiye na duka, ikamlipa kwa uchaguzi wake, na jina lake likatajwa. Wateja waliotembelea klabu wakawa wateja wake, na miaka michache baadaye tajiri wa chuma na makaa Henry Clay Frick alimpa vyumba vya familia katika jumba lake jipya la Fifth Avenue, kwa makubaliano ya kamisheni ya asilimia 10 ya thamani ya vitu alivyomnunulia. Frick aliwahi kununua vitu kwa fedha nyingi sana, kwa hiyo kamisheni hiyo ilikuwa mali.

Hapa pana jambo linalohitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu limeisumbua taaluma hii tangu siku hiyo. Anayelipwa kwa asilimia ya manunuzi ni wakala wa mteja, lakini kipato chake kinakua kila mteja anapotumia zaidi. Njia nyingine iliyoenea ilikuwa kununua kwa bei ya jumla na kumuuzia mteja kwa bei ya rejareja, tofauti ikawa ndiyo malipo, mara nyingi bila mteja kujua kiasi chake. Kwa kweli hilo ni deni la Chippendale lililorithiwa: wazo bado limefichwa ndani ya bei ya kiti. Daktari anayepata sehemu ya bei ya kila dawa anayoandika angeshukiwa mara moja, na wapambaji walijua kwamba shaka hiyo hiyo iliwaandama wao. Walichokosa ni chombo cha kuweka kanuni.

Kulikuwa na kikwazo kingine kilichotokana na jinsia na tabaka. Wapambaji wengi wa kizazi hicho walipata wateja kwa kujuana, karamuni na katika klabu, jambo lililowafungulia mlango wanawake wenye marafiki matajiri na kuwaacha nje wasio nao. Wasanifu majengo nao walipata kisingizio cha kuidharau kazi nzima kuwa ni burudani ya mabibi. Jibu lilikuwa shule. Taasisi ya New York ambayo baadaye ilipewa jina la mwalimu wake Frank Alvah Parsons ilianza kufundisha upambaji wa ndani mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1921 ikafungua tawi Paris. Maduka makubwa hayakubaki nyuma: mwaka 1913 Nancy McClelland alifungua idara ya upambaji katika duka la Wanamaker mjini New York. Ndipo mwaka 1924 Eleanor McMillen, aliyepitia shule hiyo ya Parsons, akaanzisha kampuni iliyofanya kazi yote tangu michoro hadi usimikaji, naye alisisitiza kwamba anaendesha biashara yenye vitabu vya hesabu.

Chama kilichozaliwa katika mdororo

Chama cha kitaifa cha wapambaji wa Marekani kiliundwa Julai 1931 mjini Grand Rapids, Michigan, na mahali hapo panaeleza mengi. Grand Rapids ulikuwa mji wa viwanda vya samani, uchumi ulikuwa umeporomoka tangu mwaka 1929, na wenye viwanda walitaka kuwavuta wapambaji kwenye maonyesho yao ya biashara. Kwa hiyo chama kilichokuja kudai uhuru wa taaluma kilizaliwa kwa mwaliko wa wauzaji. Sioni hilo kuwa aibu, kwa kuwa mafundi na wauzaji walikuwa washirika wa kweli wa kazi hii, lakini linaeleza kwa nini swali la malipo lilichukua muda mrefu kuchambuliwa. Chama kiliweka masharti ya uanachama na maadili ya kazi, na kwa mara ya kwanza mteja akawa na namna ya kumtofautisha aliyesoma na aliyejipachika.

Wakati huo huo upepo wa kiusanifu ulikuwa ukivuma kinyume. Huko Ulaya, msanifu majengo Adolf Loos alikuwa amekwisha kulaani mapambo, shule ya Bauhaus iliyofunguliwa Weimar mwaka 1919 ilifundisha kwamba kiti na jengo ni kazi moja, na msanifu mwingine, Le Corbusier, mwaka 1925 alionyesha mjini Paris chumba kilichojaa vitu vya kiwandani. Kwa watu hao mpambaji alikuwa adui. Lakini walipoendesha shughuli zao walihitaji watu wenye ujuzi wa ndani, kama Lilly Reich katika kazi za msanifu majengo Mies van der Rohe na Charlotte Perriand katika ofisi ya Le Corbusier, ambao majina yao yalifunikwa kwa muda mrefu na ya wanaume hao.

Aliyeunganisha mkondo huo wa Ulaya na soko la Marekani ni Florence Knoll, na kwa maoni yangu yeye ndiye aliyeigeuza kazi hii kuliko mtu mwingine yeyote wa karne ya 20. Alizaliwa Michigan mwaka 1917, akapoteza wazazi wake akiwa mdogo, akalelewa kitaaluma katika chuo cha Cranbrook karibu na familia ya wasanifu majengo ya Saarinen, kisha akasomea usanifu majengo chini ya Mies mjini Chicago. Mwaka 1943 alijiunga na kampuni ya samani ya Hans Knoll, ambaye baadaye alimwoa, na humo akaunda kitengo cha upangaji. Kabla yake, ofisi za kampuni kubwa zilipangwa kwa desturi: mkurugenzi alipata meza nzito iliyowekwa kwa mshazari katika kona ya chumba, na makarani walipata safu za meza zinazofanana. Kitengo cha Knoll kilianza kwa kuhoji. Waliuliza kila idara inafanya nini, nani anaongea na nani, karatasi zinatoka wapi kwenda wapi, ni nini kinahitaji kabati na nini kinahitaji meza tupu, na baada ya hapo ndipo walipochora. Mteja alionyeshwa ramani ndogo iliyobandikwa vipande halisi vya vitambaa na mbao, ili aone kwa macho anachokubali.

Majengo ya bima ya Connecticut General huko Bloomfield, yaliyokamilika mwaka 1957, na makao makuu ya shirika la utangazaji la CBS mjini New York katika miaka ya 1960 yalionyesha matokeo. Knoll alikataa hadharani kuitwa mpambaji. Wapo waliomwona kuwa anawadharau waliomtangulia, lakini alichokidai kilikuwa sahihi kwa kazi aliyoifanya, kwa kuwa uamuzi wa ofisi yenye watu mia kadhaa hautegemei ladha ya mwenye nyumba mmoja. Unategemea ushahidi uliokusanywa, na ushahidi unaweza kukaguliwa. Miaka iliyofuata ilileta kampuni zilizojikita katika ofisi, kama ile ya Gensler iliyoanza San Francisco mwaka 1965, na mpambaji wa majumba ya matajiri akawa tawi moja tu la mti mkubwa.

Mgawanyiko huo ulionekana katika vyama vyenyewe. Mwaka 1957 kundi lilijitenga na chama cha 1931 na kuunda chama kipya, mwaka 1961 chama cha zamani kikabadili jina lake kutoka la wapambaji kuwa la wasanifu wa ndani, na mwaka 1975 pande mbili zikaungana kuwa ASID, chama kilichopo mpaka leo. Nje ya Marekani, shirikisho la kimataifa lilikuwa limekwisha kuundwa Denmark mwaka 1963.

Moto

Jina jipya halikutosha kuifanya serikali ijali. Serikali hujali pale watu wanapokufa, na watu walikuwa wamekufa. Usiku wa tarehe 28 Novemba 1942 klabu ya usiku ya Cocoanut Grove mjini Boston ilikuwa na umati wa karibu watu elfu moja, zaidi ya maradufu ya idadi iliyoruhusiwa. Ukumbi ulipambwa kwa minazi ya bandia, vitambaa vilivyotandazwa kufunika dari, na ngozi ya bandia kutani. Moto ulianzia katika baa ya chini, ukapanda kwa vitambaa vya dari kwa kasi ambayo watu hawakuweza kuikimbia. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, ukakwama kwa msukumano wa miili, na milango mingine ama ilifungwa kwa komeo, ama ilifichwa, ama ilifunguka kwa kuvutwa ndani. Walikufa watu 492.

Tazama orodha ya vilivyoua: kitambaa cha dari, majani ya karatasi, ngozi ya ukutani, mpangilio wa milango, wingi wa watu na viti. Karibu kila kimoja ni uamuzi wa ndani ya jengo, na kuta za jengo zilibaki zimesimama. Kanuni za usalama wa moto zilibadilishwa katika majimbo mengi: mlango wa kuzunguka ukatakiwa kuwa na milango ya kawaida pembeni yake, mapambo yanayoshika moto yakapigwa marufuku kumbini, taa za dharura na alama za njia ya kutokea zikasisitizwa. Hata hivyo, Februari 2003, katika klabu ya Station huko West Warwick, Rhode Island, sponji la poliurethani lililobandikwa ukutani kuzuia kelele lilishika cheche za fataki za jukwaani na watu 100 wakapoteza maisha. Anayechagua kitu cha kubandika ukutani anafanya uamuzi wa uhai, ajue au asijue.

Hoja hiyo ya usalama ndiyo iliyoipa taaluma mtihani. Baraza la mitihani la NCIDQ lilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mtihani wake unahusu mambo ambayo mtazamaji wa vipindi vya televisheni vya kupamba nyumba hayaoni: njia za kutokea, madaraja ya vifaa kwa namna vinavyoshika moto, mwanga, sauti, michoro ya utekelezaji, mikataba. Mwenye shahada anayefuata njia ya kawaida hutakiwa pia kuthibitisha saa 3,520 za kazi chini ya usimamizi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu iliongeza uzito: mlango unatakiwa uwe na nafasi wazi ya sentimita 81 hivi, na kiti cha magurudumu kipate duara la takribani mita moja na nusu la kugeukia, vipimo ambavyo mpangaji wa samani anaweza kuviharibu kwa kabati moja. Hospitali nazo zilianza kudai ushahidi baada ya Roger Ulrich kuonyesha mwaka 1984 kwamba wagonjwa wa upasuaji waliolazwa kwenye vyumba vyenye dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Mpaka uchorwe wapi?

Alabama lilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kutunga sheria ya kulinda jina la msanifu wa ndani, mwaka 1982. Sheria za aina hii ziko mbili, na kuzichanganya kumeleta mabishano mengi yasiyo ya lazima. Sheria ya jina inasema kila mtu anaweza kufanya kazi, ila aliyesajiliwa tu ndiye atakayejiita kwa jina fulani. Sheria ya kazi inakwenda mbali zaidi na kumzuia asiye na leseni kuifanya kazi yenyewe. Alabama ilipotunga sheria ya aina hii ya pili, Mahakama ya Juu ya jimbo iliibatilisha mwaka 2007, kwa kuwa ilikuwa pana kiasi cha kumgusa hata mtu anayemshauri mwenzake kuhusu mito ya kochi. Florida, iliyokuwa na leseni ya lazima kwa kazi za majengo ya biashara, iliiondoa mwaka 2020.

Wapinzani wa leseni, hasa wanasheria wa Institute for Justice, husema kwamba sheria hizi zinawalinda waliokwisha kuingia dhidi ya wanaotaka kuingia, na kwamba wanaoumia ni watu wasio na fedha za chuo. Ukikumbuka jinsi kazi hii ilivyoanza, na wanawake waliokataliwa ofisini mwa wasanifu majengo, hoja hiyo ina nguvu ambayo watetezi wa leseni hawapendi kuikubali. Wasanifu majengo nao wamepinga mara nyingi kwa sababu nyingine kabisa, ya kulinda eneo lao. Lakini makaburi ya Boston hayajibiwi na hoja yoyote kati ya hizo. Naona Florida ilifika karibu na suluhisho, pengine bila kukusudia: kila mtu anaweza kupamba na kushauri, na aliyesajiliwa kwa hiari baada ya kuthibitisha elimu na mtihani anaweza kutia muhuri michoro ya mambo ya ndani isiyogusa nguzo za jengo na kuiwasilisha kuomba kibali. Hapo mpaka umechorwa kwenye hatari, na ladha imeachiwa watu.

Afrika Mashariki tunalifikia suala hili kwa mlango wetu wenyewe. Chuo Kikuu cha Ardhi, Dar es Salaam, kinafundisha usanifu wa ndani kwa ngazi ya shahada, na hoteli, benki na hospitali za miji yetu zimekwisha kuwa wateja wa kweli wa kazi hii. Nyumbani, hata hivyo, utaratibu unaotawala bado ni ule wa Chippendale wa St Martin's Lane. Mteja anakwenda Keko, mtaa wa mafundi samani wa Dar es Salaam, na picha kwenye simu, fundi anamweleza kipi kitaenea sebuleni na kipi hakitaenea, anapima, anashauri rangi ya kitambaa, na ushauri wote huo unaingia katika bei ya kochi. Msanifu wa ndani aliyehitimu anapomwambia mteja huyo huyo kwamba michoro ina malipo yake, hata kama hatanunua kitu, mara nyingi anajibiwa kwamba fundi hatozi. Ndiyo maana wasanifu wengi hurudi kwenye njia ya kuongeza asilimia juu ya bei ya samani, wakiichukua pamoja na mgongano wake wa maslahi. Mkataba unaotenganisha ada ya michoro, bei halisi ya vitu yenye risiti za muuzaji, na malipo ya usimamizi wa mafundi unamwezesha mteja kuona kila shilingi imelipia nini, na unamwezesha msanifu kusema hapana kwa kitambaa kinachowaka haraka bila kupoteza riziki yake.